Shangazi, watu wamechoka kumchangia mdogo wangu mwenye lupus

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro. Nakuandikia kwa ajili ya mdogo wangu wa kike, ana miaka 27, ni fundi cherehani. Alianza kwa kulalamika vidole vinauma asubuhi, akawa hawezi kushika mkasi mpaka saa nne. Tukadhani ni uchovu wa kazi. Akapimwa malaria, akapimwa taifodi, akapewa dawa, akarudi kazini, akaanguka tena. Nywele zikanyonyoka, vipele vyekundu vikamtoka mashavuni vikavuka juu ya pua. Kuna waliosema kaungua na krimu, kuna waliosema karogwa na mteja, na kuna waliosema ni ule ugonjwa ambao watu huutaja kwa kunong'ona. Mwishowe tulipewa rufaa kwenda Dar es Salaam, wakampima damu na mkojo, tukaambiwa ni lupus na kwamba imeshaanza kugusa figo.

Ndugu, jumuiya ya kanisani, majirani na walimu wenzangu wakafungua kundi la WhatsApp, mimi nikawekwa mweka hazina. Tulipata shilingi 3,400,000. Hela ile ililipa kitanda, vipimo, dawa na nauli za Dar, na ilipobidi nikalipa pia kodi ya chumba chake kwa kuwa alikuwa hashoni. Akapata nafuu, akarudi kwenye cherehani.

Mwaka huu ugonjwa umeamka. Nilipoandika kwenye kundi, kimya. Baadhi wakajitoa. Mmoja akaandika, "Si tulimtibu huyu?" Mwingine akatuma picha ya mdogo wangu akiwa harusini, amependeza, anacheka, chini yake kaandika, "Mgonjwa wetu huyo." Na kwa kuwa uso wake umejaa tangu aanze zile dawa, yanasemwa maneno kwamba ananenepea hela za watu. Mama mmoja wa jumuiya aliniuliza mbele ya wenzake, kodi ya chumba inatibu figo?

Baba yetu mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa familia tangu baba afariki, anasema watu hawatoi kwa sababu hawauoni ugonjwa. Anataka tuweke kwenye makundi picha za alipokuwa hoi kitandani, nywele hana, miguu imevimba. Mdogo wangu alilia akasema bora asichangiwe kabisa. Baba mdogo akakasirika, akasema huwezi kuringa huku unaomba. Tena ana mtu wake anayeuza dawa ya mitishamba ya kuongeza kinga, anataka sehemu ya mchango iende huko.

Binamu yetu yeye amekuja na wazo la matembezi ya hisani mwezi Mei, Siku ya Lupus Duniani, watu wavae fulana za zambarau, jioni kuwe na chakula ukumbini. Fulana peke yake ni zaidi ya milioni moja. Naogopa tutabaki na deni na mgonjwa hajapata hata kidonge. Kadi yangu ya bima ya kazini haimbebi kwa kuwa ni mdogo wangu na ni mtu mzima.

Niombeje tena bila kumdhalilisha? Na hayo matembezi nikubali au nikatae? Kusema kweli natamani hata kuuacha huo uweka hazina.

Dada Mtu, Morogoro

—

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Mpe pole na mdogo wako.

Nianze na hao waliokukalia kimya. Usiwahesabu kuwa maadui. Sisi tunajua kuchanga, ila michango yetu mingi ina tarehe. Harusi ina Jumamosi yake. Msiba una maziko, kisha tanga linaondolewa, watu wanarudi kwao. Anayetoa anajua tukio litapita na daftari litafungwa. Nadhani mlipoomba mara ya kwanza mliomba kwa mtindo huohuo: tumchangie mwenzetu apone. Wakatoa, mgonjwa akasimama, kila mtu akaona kazi imekwisha. Sasa mnarudi na daftari lilelile, na wao wanajiuliza kama walidanganywa mwanzo au wanadanganywa sasa. Lupus haiponi ikaisha. Inatulizwa, na ikitunzwa vizuri hutulia muda mrefu, mtu akafanya kazi, akaolewa, akalea watoto. Hilo lilitakiwa kusemwa siku ya kwanza, na bado linaweza kusemwa leo.

Kwa hiyo kabla ya kutaja shilingi, waelezeni ugonjwa. Maelezo yawe ya kawaida, mtu wa sokoni ayaelewe. Kinga ya mwili, ile inayotupigania tukiingiliwa na vijidudu, kwa mgonjwa wa lupus inageuka na kuushambulia mwili wenyewe: viungo, ngozi, damu, figo, wakati mwingine moyo, mapafu au ubongo. Hauambukizi. Huwezi kuupata kwa kukaa naye, kula naye wala kuvaa nguo aliyoishona. Si UKIMWI, na si saratani. Kwa kila wagonjwa 10, kama 9 ni wanawake, na wengi huanza kati ya miaka 15 na 44, yaani umri uleule wa kusoma, kuzaa na kutafuta. Kundi lenu likijua hilo tu, yale ya mteja aliyeroga yatapungua nguvu.

Kisha elezeni ile picha ya harusini. Ugonjwa huu una siku zake. Leo ametulia anacheza muziki, baada ya wiki hawezi kufunga vifungo vya blauzi yake. Aliyemwona Jumamosi akicheka hakumwona Jumatatu. Na huo uso uliojaa ni prednisoloni. Dawa hiyo huzima ugonjwa haraka ukiwa umepamba moto, lakini ikitumika kwa dozi kubwa au kwa muda mrefu huujaza uso, huongeza hamu ya kula na uzito, na inaweza kupandisha presha na sukari. Anayeona unene na kuusema anaisema dawa. Tena usiruhusu maneno hayo yamfikishe mdogo wako mahali pa kuziacha kimya kimya ili apungue. Ikishatumika kwa muda, prednisoloni haikatwi ghafla. Daktari huishusha kidogo kidogo, kwa sababu mwili unakuwa umeacha kutengeneza homoni yake wenyewe ya aina hiyo, na mtu anaweza kuzidiwa vibaya. Wasichana wengi hujaribiwa hapo. Muulize kwa upole, na umuulize mkiwa wawili.

Sasa fedha. Ushauri wangu ni kwamba uachane na kutafuta mchango mmoja mkubwa, utafute mdogo usiokatika.

Sababu ni hii. Dawa ambayo wagonjwa karibu wote wa lupus hupewa ni haidroksiklorokwini, ambayo zamani ilikuwa dawa ya malaria. Kazi yake ni kuuzuia ugonjwa usiamke na kuzilinda figo, lakini inataka imezwe kila siku, mtu akiwa mzima na akiwa anaumwa. Ongeza dawa nyingine atakazoandikiwa kwa ajili ya figo, vipimo vya damu na mkojo kwa ratiba ya kliniki, macho kuangaliwa anapoianza na baadaye kadiri daktari atakavyopanga, na nauli ya Dar. Kila kimoja kinaonekana kidogo. Lakini mwezi ambao hela haipo, dawa zinaruka. Zikiruka, ugonjwa unaweza kuamka. Ukiamka, mnalaza, na kulaza ndiko kunakokula mamilioni. Figo zikifikia kushindwa kabisa, kuna kusafishwa damu au kupandikizwa figo nyingine. Vijana wa kundi lenu wanamjua Selena Gomez, mwimbaji wa Marekani: mwaka 2017 alitangaza kwamba alipandikizwa figo aliyopewa na rafiki yake, na kilichoziharibu zake ni lupus. Yeye hakukosa hela ya dawa, na bado yalimfika. Ndiyo maana kipimo cha mkojo kinachotafuta protini hakitakiwi kurukwa hata mwezi anaojisikia vizuri, kwa kuwa figo huanza kuumia bila maumivu yoyote.

Keti na mdogo wako muandike mahitaji ya mwezi mmoja kwa bei halisi za duka la dawa mnalotumia. Bei mziulize, msikisie. Tuseme inakuja shilingi 100,000. Hizo ni watu 20 wa shilingi 5,000. Hauhitaji kundi la watu mia mbili wanaotazamana kila mmoja akingoja mwenzake. Tafuta hao ishirini mmoja mmoja, kwa simu au kwa miguu, wale ambao kweli wanampenda, na uwaombe miezi sita tu. Miezi sita ikiisha unawashukuru, unawaonyesha hesabu, unauliza nani anaendelea. Mtu akijua mlango wa kutokea upo, haogopi kuingia. Kundi kubwa liacheni kwa dharura ya kulazwa, na kwa damu: lupus inaweza kumshusha mtu damu, na siku hospitali ikiomba wachangiaji damu, hata asiye na senti anaweza kusimama.

Kabla ya hapo kuna milango miwili ambayo hukuitaja, kwa hiyo naamini hukuigonga. Wa kwanza ni ofisi ya ustawi wa jamii iliyoko hospitalini kwenu. Hospitali za umma zina utaratibu wa msamaha wa gharama kwa asiye na uwezo. Mchukulie barua ya serikali ya mtaa inayoeleza hali yake, nenda na kadi ya kliniki na barua ya rufaa, mueleze afisa hali ilivyo bila kuona haya. Huenda asisamehewe kila kitu. Lakini kila kinachosamehewa ni siku nyingine ya dawa. Wa pili ni bima. Yako haimbebi, sawa, basi ulizia ya kwake mwenyewe. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na utekelezaji wake unakwenda kwa hatua, kwa hiyo nenda ofisi ya mkoa ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ukapate majibu ya leo, usitegemee ya mtu aliyeulizia mwaka juzi. Uliza kifurushi kipi kinampokea mtu ambaye tayari anaumwa, angoje muda gani kabla hajaanza kutibiwa, na dawa zake, moja moja kwa majina, zimo au hazimo. Ukikuta cha maana, basi mchango wa kwanza wa hao ishirini ulipe kadi.

Kuhusu kodi ya chumba sitaki uinamishe kichwa. Mgonjwa asiye na pa kulala hamezi dawa kwa utaratibu. Kodi, nauli na chakula ni sehemu ya kuuguza, na yule mama wa jumuiya akiuguza kwake atalijua hilo. Kilichokosekana ni kusema mapema. Mtu alitoa akiwa na picha ya sindano na drip kichwani, akaja kusikia kodi kwa watu wengine. Safari hii iandikeni tangu mwanzo: fedha hii itatumika kwa dawa, vipimo, nauli, na pale atakaposhindwa kufanya kazi, kodi na chakula.

Na hesabu ya zile 3,400,000 itoe, hata kama hakuna aliyeidai rasmi. Andika ulichonacho. Penye risiti weka risiti, pasipo na risiti sema hapa risiti sina, nililipa kiasi hiki kwa kazi hii. Watu husamehe risiti iliyopotea. Ukimya ndio wanaoujazia maneno. Unapopiga picha risiti ya dawa au karatasi ya vipimo, ziba jina la mgonjwa na majibu yake, acha kiasi na tarehe. Baada ya hapo, usiushike mfuko peke yako tena. Wawe watatu: mmoja anapokea, mwingine ananunua, wa tatu anaandika, na angalau mmoja wao asiwe ndugu wa damu. Kuna akaunti za kikundi kwenye simu, kama M-Koba, ambazo hela haitoki mpaka viongozi wa kikundi waidhinishe. Kama mnatumia namba ya mtu, itangazeni pamoja na jina lake linalotokea kwenye simu wakati wa kutuma, mkiwaambia watu wasitume jina likija tofauti. Matapeli huchukua tangazo la mgonjwa, wakabadilisha namba, wakalisambaza upya, na familia ikaja kujua hela imeshakwenda.

Sasa hizo picha. Hapa sitafuti maneno laini: zisiwekwe. Baba mdogo ana haki ya kuumia, ni mzazi, anaona mtoto anazidiwa na watu wamekaa. Lakini mwili ule ni wa mtu mzima wa miaka 27, na amesema hapana. Hata sheria yetu ya ulinzi wa taarifa binafsi, iliyoanza kutumika mwaka 2023, inazihesabu taarifa za afya ya mtu kuwa nyeti, zinazotaka ridhaa yake. Tena fikiria mbele kidogo. Yeye ni fundi. Wateja wake wamo kwenye makundi hayohayo. Mchango utakwisha, picha itabaki kwenye simu za watu miaka kumi, na siku atakapokwenda kutambulishwa ukweni kuna mtu ataitoa. Huruma inayopatikana kwa kumwonyesha mtu akiwa hana nywele ni ya siku mbili. Mwulize yeye ni kipi yuko tayari kisemwe. Labda jina la kwanza tu. Labda mikono yake ikiwa kwenye cherehani. Labda sauti yake ya dakika moja akieleza asubuhi yake inavyokuwa, akiirekodi mwenyewe siku anayojisikia. Na labda hataki chochote, na hapo wewe dada mtu ndiye utakayesimulia kuuguza kwako, maana hilo ni lako.

Ujumbe wa hao ishirini unaweza kuwa hivi, uubadilishe kwa maneno yenu: "Ndugu yangu, mdogo wangu ana lupus, ugonjwa wa kudumu unaotulizwa kwa dawa za kila siku. Mchango wenu wa mwanzo ulimtoa kitandani, na hesabu yake hii hapa. Sasa natafuta watu 20 wa kutoa shilingi 5,000 kila mwezi kwa miezi sita ili dawa zisikatike asilazwe tena. Fedha itanunua dawa, vipimo na nauli, na kodi mwezi atakaoshindwa kufanya kazi. Hesabu nitakutumia kila mwisho wa mwezi. Ukiona ni vigumu niambie tu, undugu uko palepale." Mtumie mtu mmoja mmoja. Na sentensi ya mwisho usiiondoe. Anayekataa leo ndiye utakayemwita kwa gari usiku wa manane kesho.

Hiyo dawa ya kuongeza kinga inanitia hofu kuliko hata picha. Watu husikia lupus ni ugonjwa wa kinga, wakadhani kinga imepungua, wakaleta vya kuiongeza: unga wa hiki, sharubati ya kile, vidonge vya dukani. Kumbe kwa lupus kinga imezidi ukali, na dawa nyingi za hospitali kazi yake ni kuipoza. Kuna vitu, kama alfalfa inayouzwa kama lishe, ambavyo vimehusishwa na kuuamsha ugonjwa, na mitishamba mingine huumiza figo, nazo figo zake ndizo zinazouguzwa. Hakuna senti ya mchango iende huko. Mwombe baba mdogo afuatane nanyi kliniki siku moja, na hicho kichupa akichukue, amuulize daktari mwenyewe. Mzee akielezwa na mganga wa hospitali mbele ya macho yake haaibiki kama anapokatazwa na watoto. Lile la picha nalo mzungumze naye, ila shangazi yenu au mjomba aongee naye kwanza, kabla yako.

Haya, matembezi ya binamu. Wazo ni zuri na nia yake naipenda. Siku ya Lupus Duniani ni tarehe 10 Mei, inaadhimishwa tangu 2004, na zambarau ndiyo rangi yake kweli. Marekani wana matembezi ya namna hiyo kila mwaka, na fedha nyingi hukusanywa. Ila wao wana wafadhili wa kulipia fulana. Ninyi bado hamna, kwa hiyo fulana ziondoeni kabisa. Kila mwanamke wa Morogoro ana khanga, kitenge au mtandio wenye zambarau. Wanaume wafunge kitambaa mkononi. Ukumbi wa chakula cha jioni nao uondoeni. Sheria moja itawaokoa: kisichopatikana bure au kwa mfadhili hakifanyiki. Binamu akilalamika kwamba shughuli itapoa, mwambieni atafute duka la dawa au kampuni ya kulipia maji, na yeye ndiye awe mkuu wa kutafuta wafadhili.

Liko jambo ambalo nimeona waandaaji wakilisahau. Jua huuamsha ugonjwa huu. Mionzi yake huchokoza ngozi ya mgonjwa na inaweza kuamsha hata vya ndani, ndiyo maana anaambiwa avae mikono mirefu, kofia pana na krimu ya kukinga jua. Sasa mtu anaandaa matembezi ya wagonjwa wa lupus, yanaanza saa tatu, mgeni rasmi anachelewa, hotuba zinaisha saa saba mchana uwanjani bila hema! Anzeni saa kumi na mbili alfajiri, saa mbili mko chini ya paa. Wagonjwa wasitembee kama hawataki. Wakae kivulini wapokee watu. Mwenye mafua abaki nyumbani, kwa kuwa hao wenzetu dawa zao huwapunguzia nguvu ya kupambana na maambukizi. Polisi wapewe taarifa ya maandishi si chini ya saa 48 kabla, na kama mtakusanya fedha kwa wapita njia, pitieni kwanza ofisi ya mkuu wa wilaya mwulize kibali kinachotakiwa.

Kwenye krimu ya jua nitakaa kidogo. Wasomaji wengi bado wanaiona ni kipodozi cha wenye hela. Ndugu zetu wenye ualbino wamepigania miaka mingi ieleweke kuwa ni kinga ya maisha, na pale Moshi, hospitali ya KCMC, kulianzishwa kitengo cha kutengeneza krimu maalum kwa ajili yao. Chama cha watu wenye ualbino cha mkoa wenu kitembeleeni. Wanajua kofia ipi inafunika vizuri, namna ya kuomba wafadhili, namna ya kuzungumza na shule na waajiri. Na mdogo wako ni fundi! Kofia pana za kitenge, zenye ukingo wa kufunika masikio na shingo, anaweza kuzishona siku anazoweza na kuziuza siku hiyo, na wenye ualbino nao watazihitaji. Akiona ni mzigo, msimlazimishe. Ila namfikiria akiwa nyuma ya meza yake akiuza kitu alichokitengeneza, badala ya kukaa mbele akitazamwa.

Fedha isiwe lengo pekee la siku ile. Ombeni hospitali iwapeni muuguzi au daktari wa kueleza dalili na kupima presha na mkojo. Kwenye umati ule kutakuwa na dada mwingine ambaye vidole vinamuuma asubuhi, nywele zinakatika, amemeza dawa za taifodi mara tatu. Akisikia maelezo atajua aulize nini. Kama ninyi mlizunguka hivyo, basi kumfupishia mwenzenu safari ni faida kubwa kuliko sanduku la sadaka.

Tena tafuteni wagonjwa wenzake. Usimwombe muuguzi wa kliniki majina ya watu, hatakupa na asikupe. Mwachie namba ya mdogo wako, kama ameridhia, awape wanaotaka. Wakipatikana wawili watatu inatosha kuanza. Mgonjwa wa lupus anahitaji mtu wa kumwambia "na mimi jana sikuamka" bila kueleza zaidi, mtu wa kununua naye dawa kwa pamoja zinapopatikana Dar, wa kumkumbusha kipimo. Wewe kwa mapenzi yako yote huwezi kuwa mtu huyo.

Wapo pia watakaokwambia hawana hela, na ni kweli. Wasiondoke mikono mitupu. Kuna wa kumchotea maji wiki ambayo viungo vimekaza. Kuna wa kumsindikiza Dar ili wewe usiombe ruhusa shuleni kila mara, na huyo, kwa hali niliyoisoma, nadhani ni wa thamani kuliko laki. Kuna wa kumpelekea wateja nguo zilizokamilika asitembee juani. Waandikie kazi zenye siku. Ukisema tu "mkiweza mje", hawaji.

Uweka hazina uache, mwanangu, lakini uuache kwa kukabidhi. Toa hesabu kwanza, kisha daftari lichukuliwe na mwingine kati ya wale watatu, wewe ubaki na kazi ya kununua dawa. Ukitoka sasa hivi bila hesabu, watasema umekimbia. Na huyo mwenye kuandika ningemwomba awe yule mama wa jumuiya aliyekuuliza kuhusu kodi. Anajali hela ya watu inakokwenda, na ameshaonyesha haogopi kuuliza.

Wiki hii anza na mdogo wako: mahitaji ya mwezi, na kipi kisemwe. Halafu ustawi wa jamii na NHIF. Ujumbe kwa watu utoke baada ya hayo mawili kujibiwa, kwa sababu majibu yake yanaweza kupunguza kiasi mtakachoomba. Ukishajua bima imesema nini kuhusu dawa za figo, niandikie. Nina barua nyingine ya dada wa Iringa mwenye swali hilohilo, nami ningependa kumpa jibu lililotoka kwa mtu aliyekwenda dirishani mwenyewe.

Shangazi